Usichague jeshi, chagua vita: Cannae, Rafia au Kushi kwa anayeanza majeshi ya kale

Shemeji yangu mdogo kaniuliza juzi swali ambalo karibu kila mtu anaingia nalo kwenye hizi vita za visanamu, "shem, jeshi gani la kale ndo kali kuliko yote, nianze nalo?" Nikamwambia hilo swali liweke pembeni kwanza. Usichague jeshi, chagua vita. Kule Uingereza ambako mchezo huu una watu wengi, mtu anaweza akapaka rangi jeshi moja tu, akalibeba kwenye boksi mpaka klabu, akakuta wapinzani wamejaa na majeshi yao. Hapa Dar ukiwa na Warumi peke yao umenunua pambo la kabati. Atakayekuja kucheza na wewe ni jirani, ni mtoto wa dada yako, ni mfanyakazi mwenzako ambaye dadu mara ya mwisho alishika kwenye ludo, na huyo haji na jeshi, jeshi lake unampa wewe. Kwahiyo unajenga pande mbili, na pande mbili zenyewe ziwe zilipigana kweli, maana mgeni ukimsimulia nani alimfanya nini nani na kwanini, anakaa mezani kwa moyo wote.

Kwa ambaye ndo anasikia leo: unakuwa na visanamu vya askari, unavibandika kwenye vibao vidogo, kila kibao kinasimama badala ya mamia ya watu, unavisogeza mezani kwa kupima na futi na wakikutana dadu zinaamua. Mimi natumia kanuni nyepesi za vibao 12 kila upande, mchezo unaisha kama saa moja. Kibao kina upana wa milimita 60, kinabeba askari wa miguu wanne, au wapanda farasi watatu, au wachokozi wawili (wale wa kurusha mawe na mikuki midogo alafu wakimbie), au tembo mmoja. Hesabu zote nitakazotoa hapa ni za mpango huo.

Vita zangu tatu za kulinganisha ni hizi: Roma na Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, wakati wa jemadari wake Hannibal, miaka ya 218 mpaka 201 KK, na humo ndo iko Cannae, vita iliyopiganwa Italia. Rafia, mwaka 217 KK, Ptolemaio wa nne wa Misri na Antioko wa tatu wa Shamu. Na ya tatu ni Kushi (Sudan ya leo) na Warumi, kuanzia mwaka 25 KK, ambayo watu wengi hawaijui na mimi ndo naipenda kuliko zote, nasema mapema ili mjue.

Tuanze na Roma na Karthago kwasababu ndo chaguo la wengi na lina haki ya kuwa hivo. Warumi wa enzi ile wanajengeka kwa raha kwakuwa jeshi lenyewe lilipangwa kwa hesabu. Polybius, Mgiriki aliyeandika habari zao karne iliyofuata, anasema lejioni moja (kikosi kikuu cha Warumi) ilikuwa na watu 4,200: hastati 1,200 mbele, principes 1,200 nyuma yao, triarii 600 mwisho kabisa wenye mikuki mirefu, na velites 1,200 ambao ni vijana wachokozi, wengine wamejifunika ngozi ya mbwa mwitu kichwani ili makamanda wawaone wakifanya vizuri. Ukileta hayo kwenye vibao 12 unapata sita vya hastati na principes, viwili vya triarii, viwili vya velites na viwili vya wapanda farasi. Yaani watu 36 wa miguu na farasi 6, basi, jeshi limekamilika. Tatizo lake ni kwamba unapaka ngao kubwa moja, alafu nyingine kama ileile, alafu nyingine, ukifika ya 20 mkono unaenda wenyewe na akili imeshatoka nje ya chumba. Kuna watu wanapenda hiyo hali, inawatuliza. Kama wewe sio wa hivo, jijue mapema.

Karthago ni kinyume chake kabisa. Hakuna vibao vinne vinavyofanana. Mimi nimeweka vitatu vya Walibya wa mikuki, viwili vya Wagallia, viwili vya Wahispania, kimoja cha wapiga kombeo wa visiwa vya Baleari, viwili vya Wanumidia (wapanda farasi wepesi wa Afrika Kaskazini), kimoja cha Hannibal mwenyewe na wapanda farasi wake, na tembo mmoja. Watu 30 wa miguu, farasi 9, tembo 1. Kila jioni unafungua kazi mpya. Wahispania Polybius anawaeleza kwamba Cannae walivaa kanzu fupi za kitani zenye ukingo wa zambarau, sasa huo ukingo kwenye askari mwenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi ni uzi mmoja wa rangi, unashika brashi ndogo kuliko zote, unaegemeza mkono kwenye meza, unavuta mstari ukiwa umebana pumzi mpaka uzunguke mapaja yote mawili. Wanane walinichukua jioni tatu. Ila nilipowapanga pembeni ya Wagallia vifua wazi, ile safu ya mbele ya Cannae niliyokuwa naisoma tu ikawa iko mezani kwangu, na mtoto wa dada akauliza mwenyewe bila kuambiwa, "mjomba, hawa mbona hawajavaa sare?"

Hapo hapo kuna faida moja kubwa ambayo wauzaji hawakwambii. Baada ya kushinda vita ya ziwa Trasimene mwaka 217 KK Hannibal aliwavalisha Walibya wake silaha zilizotekwa kwa Warumi, na Livy, mwandishi wa Kirumi, anasema Cannae ungewaona ungedhani ni Warumi. Kwahiyo lile boksi la Warumi lililobakiza askari usilifungie kabatini, wabaki wote wawe Walibya, badilisha rangi ya ngao na kanzu tu. Boksi moja limehudumia pande mbili na historia iko upande wako.

Wanumidia nao wana kazi ndogo ya mkono. Waandishi wa kale wanasema walipanda farasi bila hatamu. Ukipata visanamu vyao vyenyewe sawa, ila mimi nilipungukiwa nikageuza wapanda farasi wengine wepesi, ikabidi nichukue wembe nikate zile hatamu za plastiki moja moja kutoka mdomoni mwa farasi mpaka mkononi kwa mpandaji, alafu nafuta kovu kwa kucha. Inachukua kama dakika kumi kwa farasi mmoja, na usikate ukielekea kidole.

Kuhusu tembo niseme wazi maana watu wengi wananunua Karthago kwa ajili ya tembo. Hannibal aliondoka mto Rhone na tembo 37, baridi ya Italia ikawamaliza karibu wote baada ya vita ya mto Trebia, na mwaka 216 KK pale Cannae hakuwa na tembo hata mmoja. Ukicheza Cannae tembo anabaki kwenye boksi. Kwenye vita ya Zama mwaka 202 KK ndo alikuwa nao zaidi ya 80, na Scipio, jemadari wa Warumi, akaacha njia wazi kati ya vikosi vyake wapite. Kwenye mchezo tembo anatisha zamu mbili tatu za mwanzo, akigeuka anaweza akakanyaga wa kwako. Nunua mmoja, inatosha.

Mezani hii vita inafundisha vizuri kuliko zote tatu. Mrumi ana miguu mizito minane katikati na kazi yake ni kutembea mbele, mgeni asiyejua kitu mpe huyo. Mwenye Karthago lazima ashinde pembeni kwa farasi kabla katikati yake haijapasuka, ni mbio za saa na akili inachemka.

Sasa Rafia. Kwa namba za Polybius, Ptolemaio alikuja na watu wa miguu 70,000, farasi 5,000 na tembo 73, Antioko 62,000, farasi 6,000 na tembo 102. Uwanja ni karibu na Rafah ya leo, pale Gaza. Pande zote mbili moyo wake ni falanksi, yaani ukuta wa watu wenye sarisa, mkuki wa mita sita hivi unaoshikwa kwa mikono miwili. Mikuki ya safu tano za kwanza inatokeza mbele ya mtu wa kwanza, kwahiyo Mrumi mmoja akija mbele ya falanksi anakutana na ncha kumi. Ukiona safu hiyo mezani imekamilika, hakuna jeshi la kale linaloifikia kwa uzuri wa kutisha, hilo nakubali hata mimi wa Kushi.

Ila ujenzi wake ni sarisa, sarisa, sarisa. Visanamu vyangu ni vya kipimo cha 1/72, yaani vidogo mara 72 kuliko mtu halisi, kwahiyo mita sita ukigawanya kwa 72 unapata milimita 83, na plastiki laini ya urefu huo inapinda kama tambi. Suluhisho langu ni fagio la chelewa. Unachagua zile njiti nyembamba za kwenye ncha, zilizonyooka, unakata milimita 83, unachonga mbele kidogo, alafu unapasha sindano kwenye mshumaa unatoboa ngumi ya askari (plastiki inayeyuka yenyewe usilazimishe) unapitisha njiti na tone la supaglu. Hazipindi tena. Falanksi yangu ina vibao sita kila upande, ni watu 24 mara mbili, sarisa 48, na fagio moja nimebakiza zaidi ya nusu. Mke wangu aliuliza mara moja tu fagio linaenda wapi, alipoona safu ya kwanza imesimama akaniletea jingine mwenyewe kutoka sokoni.

Faida ya Rafia ni kwamba majeshi yanafanana, visanamu vya aina moja vinajaza pande zote mbili, unatofautisha kwa rangi ya kanzu na alama ya ngao. Na hasara yake ni hiyohiyo! Mgeni akikaa anauliza "wangu ni wapi?" kila baada ya dakika mbili. Mchezo wenyewe nao ni mzito, katikati wanasukumana taratibu, uamuzi uko pembeni, na somo kubwa la siku ile ni la Antioko ambaye alivunja upande uliokuwa mbele yake akafurahi akafukuza mbali mno, kurudi akakuta falanksi yake katikati imeshakimbia. Mtu akifanya kosa hilo mezani mara moja harudii.

Kinachonivuta mimi Rafia ni tembo. Wa Antioko walikuwa wa Kihindi, wa Ptolemaio walikamatwa huku kwetu Afrika, pwani ya Bahari ya Shamu, ambako wafalme wa Misri walikuwa na vituo vya kuwindia, kimoja kikiitwa kabisa Ptolemais ya Mawindo. Polybius anasema tembo wengi wa Afrika walishindwa kuvumilia harufu na sauti ya wale wa Kihindi wakageuka. Kwahiyo ukinunua angalia masikio na mgongo kabla hujalipa: wa kwetu masikio makubwa yanayofunika bega na mgongo umebonyea katikati, wa Kihindi masikio madogo, mgongo wa mviringo na kichwa kina matuta mawili. Mabosi wa mchezo huu huwa wanapaka tembo kijivu cha saruji. Wewe kama umewahi kupita Mikumi kwa basi unajua tembo ana rangi ya tope aliloogea. Paka kijivu kwanza sawa, alafu kahawia iliyozimuliwa na maji mengi, ikikauka pitisha brashi karibu kavu yenye rangi ya vumbi jekundu mgongoni na kichwani. Anakuwa hai.

Tuje Kushi. Wasomaji wa Biblia mnamjua yule towashi kwenye Matendo ya Mitume, mwenye mamlaka chini ya Kandake malkia wa Kushi. Kandake ni cheo, na mmoja wa wenye cheo hicho, ambaye wengi wanamtaja kuwa ni Amanirenas, aliingia vitani na Kaisari Augusto. Jeshi la Kushi lilishuka na mto Nile likachukua Syene, yaani Aswan ya leo, pamoja na Elephantine na Philae, wakaziangusha sanamu za Kaisari. Kichwa kimoja cha shaba cha Augusto kilichimbuliwa mwaka 1910 kule Meroe, mji wa Kushi, kilikuwa kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, watu wakawa wanamkanyaga kila wanapoingia, na leo kiko British Museum. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema Petronius, gavana Mrumi wa Misri, alikwenda na watu wa miguu wasiofika 10,000 na farasi 800 dhidi ya 30,000, akafika mpaka mji wa Napata akaubomoa, akaacha kikosi cha 400 kwenye ngome ya Premnis na chakula cha miaka miwili. Kandake akarudi na maelfu, Petronius akawahi kufika ngomeni, mwisho wajumbe wa Kushi wakaenda kumwona Augusto kisiwani Samos na wakasamehewa kodi aliyokuwa amewatoza. Unaona hapo kuna michezo mitatu tayari: kuteka Syene, safari ya Napata, na mbio za kuwahi Premnis. Hiyo ya mbio ndo tamu, Kandake anaingia upande mmoja wa meza, Petronius upande mwingine, na katikati kuna kibao kimoja cha walinzi kinachosubiri.

Kupaka rangi Wakushi ni kazi rahisi kuliko zote tatu na inapendeza haraka. Ngao zao Strabo anasema ni kubwa, za ngozi ya ng'ombe mbichi, na silaha ni shoka, mikuki na panga. Sasa ngozi ya ng'ombe nani hapa hajaiona? Nyeupe yenye mabaka meusi, nyekundu tupu, ya madoa madoa, kila ngao yake, na ukikosea baka halijaharibika kitu maana ng'ombe wenyewe hawafanani. Jioni moja nilimaliza ngao 16. Kwa ngozi za watu usitumie kahawia moja ya kwenye chupa, changanya tatu nne tofauti, angalia daladala lililojaa utajua ninachosema.

Ugumu wa Kushi ni kupata visanamu vyenyewe. Warumi utawapata kila duka, Wakushi wa wakati wa Meroe ni wachache, mara nyingi unageuza wengine, unachukua wapiga upinde wa Kiafrika wa kipindi kingine, unawakatia ngao kwenye kadi ngumu. Na kwa upande wa Warumi kuwa makini: lile vazi la vipande vya chuma ambalo liko kwenye kila picha ya Mrumi usilichukue, mabaki yake ya mwanzo yaliyochimbuliwa Ujerumani ni ya miaka michache baada ya vita hii. Tafuta Warumi wa kipindi cha Julius Kaisari, wenye vazi la pete za chuma, hao ndo watakaa vizuri kwa Petronius. Mezani pia Kushi inahitaji mchezaji mvumilivu, ukikimbilia kugongana uso kwa uso na lejioni utaondoka mapema, inabidi upinde ufanye kazi kwanza na uwazunguke.

Ukubwa wa visanamu nitapita haraka. Milimita 6, kama za kampuni ya Baccus, ndo zinaonyesha jeshi kama jeshi, unaweka watu 20 na zaidi kwenye kibao kimoja na wanapakwa haraka, ila mtoto hazioni na mgeni anadhani ni mchele. Milimita 28, mfano Victrix, ni nzuri ajabu, uso una mpaka mikunjo, lakini ni plastiki ngumu ya kukata na kuunga mikono, vichwa, ngao, mzigo ni mkubwa na hela inaenda mara kadhaa zaidi. Mimi niko kwenye 1/72, plastiki laini, HaT wana karibu kila kitu cha vita ya Hannibal kwa bei ya mwananchi, boksi la waenda kwa miguu linakupa watu wengi kuliko unavyohitaji. Shida ya plastiki laini ni rangi kubanduka. Kundi langu la kwanza lilibanduka kama magamba ya samaki ndani ya mwezi kwasababu sikuwaosha. Sasa hivi nawaosha na sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, nawakausha siku nzima, nawapaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, ikikauka ndo rangi ya akriliki, mwisho gundi ileile tena juu. Spray za magari zijaribu kwa askari mmoja kwanza, kuna zinazobaki kunata wiki nzima. Vibao nakatiwa MDF na fundi wa fremu za picha, juu gundi na mchanga uliochekechwa.

Kwahiyo shem, kwa hali yako wewe, mwenye jioni mbili kwa wiki na mtoto wa miaka tisa anayetaka kucheza: chukua Roma na Karthago kwenye 1/72, maboksi manne au matano, na anza kupaka Karthago kwanza, sio Warumi, maana ukianza na ngao 24 zinazofanana utaacha njiani kabla hujamwona Hannibal. Rafia ichukue kama unapenda safu zilizonyooka kuliko kitu kingine chochote na una mtu wa kukusaidia kutoboa ngumi. Kushi, kama hujawahi kujenga jeshi lolote, isubiri iwe ya pili, ila usiisubiri sana. Ukimaliza Karthago wako utakuwa na mkono wa kukata hatamu na kuchonga ngao, utakuwa tayari. Nitakupa wapiga upinde wanane nilionao, nimeshawaosha, wako kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati.